Shayiri ya Nguruwe

Mfuko haukuwa na jina la kujivunia:
herufi mbili, namba, na chini yake kwa wino wa bluu
"safu sita, ya baridi, kwa lishe ya mifugo."
Ejnar aliusoma mara mbili, miwani puani,
kama mtu anayesoma barua ya deni,
kisha akasema: Basi. Tutalisha nguruwe.

Miaka thelathini kaka yangu alipanda ya kimea,
ile ya watu wa bia, inayopandwa barafu ikishayeyuka.
Alijua punje inavyopaswa kuwa, nono, nyeupe tumboni,
protini isizidi kumi na moja.
Agosti ile kiwanda kilirudisha lori zima.
Sifuri nukta nne. Kwa hiyo tu.
Lori liligeuza uani, likakanyaga waridi la mama,
na Ejnar akabaki amesimama, risiti mkononi,
hata vumbi likatua.

Tulipanda tarehe ishirini Septemba,
upepo wa magharibi ukirusha chumvi ya bahari
hadi kwenye kioo cha trekta.
Kufikia Novemba, majani matatu, machipukizi mawili,
shamba lenye nywele za mtoto mchanga.

Januari Ejnar alilazwa Aalborg.
Moyo, walisema, kana kwamba tulidhani ni goti.
Theluji ikaja, ikayeyuka, ikaganda tena ikawa kioo.
Februari shamba lilikuwa rangi ya majani ya chai
yaliyokwisha chemshwa.
Jirani yetu Troels alisimamisha gari, asizime injini:
"Gunvor, lile limekufa. Lilime. Panda upya Machi."

Sikumjibu. Nilichukua kisu cha viazi
nikachimba miche kumi, pembe nne na katikati;
ardhi ilivunjika kama mkate wa juzi.
Jikoni nikakata majani yote, nikakata mizizi yote,
nikabakiza kifundo tu, kidogo kama jino la maziwa,
vyote kumi nikavilaza juu ya kitambaa chenye maji
ndani ya bakuli la uji, dirishani.

Siku ya kwanza, hakuna kitu.
Ya pili nilipiga simu hospitali: amelala.
Ya tatu sikutazama mpaka nilipokwisha lisha nguruwe.
Vifundo saba vilikuwa vimetoa uzi,
mweupe kabisa,
urefu wa ukucha.

Nilipanda basi na bakuli mapajani, nimelifunika kwa sahani.
Muuguzi alidhani ni chakula.
Mgonjwa haulizwi uji,
lakini huyu wangu ndiye aliyeuliza: "Ngapi?"
Nikasema saba. Akafumba macho, midomo ikienda:
tani, hekta, bei.
"Saba zinatosha. Usilime."
Halafu, chinichini: "Hii haitoi suke mpaka ipigwe baridi, unajua?
Ukiipanda Mei inaota majani, majani tu, hadi kiama."
Nilijua. Nilimwacha anieleze.

Julai, wiki tatu kabla ya ngano ya Troels,
masuke yalikuwa yameinamisha shingo, ndevu zikikwaruzana,
na kombaini ya kukodi ikaingia saa tano, umande ulipokauka.
Unyevu kumi na nne na nusu.
Ejnar haruhusiwi kunyanyua kitu;
alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa mlangoni mwa ghala,
akizamisha mkono kwenye rundo hadi kiwikoni.
Ndevu zilimwingia shingoni, kwenye sweta, kwenye soksi.
Alijikuna jioni nzima, akalaani, akajikuna,
nami sikumletea sweta nyingine.

Nguruwe hawakuuliza habari za protini.
Walikula kwa fujo, masikio yamewafunika macho,
na yeye ameegemea lango, kimya, akiwasikiliza
kama mwenyeji anayesubiri wageni
waseme neno lolote kuhusu bia.